Hukumu Yangu, Nipeni Nakala Yangu

Mahakama inayotoa hukumu ya ndoa, ya mirathi au ya matunzo ya mtoto, kisha ikamwacha mwenye shauri atoke mlangoni mikono mitupu, haijamaliza kazi yake. Imesema tu, na maneno hayapokelewi dirishani. Benki haitoi fedha za marehemu kwa kusimuliwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii haulipi mafao ya mirathi eti kwa kuwa mjane ameyakumbuka vizuri maneno ya hakimu. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hausajili talaka ya mdomo. Wote hao wanataka kitu kimoja: nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama na sahihi. Bila nakala hiyo, mwanamke aliyeshinda kesi na mwanamke ambaye hajawahi kufungua kesi wanasimama foleni moja, na wote wawili wanarudishwa nyumbani.

Naandika habari za Katavi kwa sababu huko ndiko uovu huu unakoonekana bila kificho. Ni mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 45,000, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 1.1. Kati ya Karema, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mji wa Mpanda kuna zaidi ya kilomita 100. Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga, ambako kwa miaka mingi ndiko rufaa za watu hawa zilikosikilizwa na Mahakama Kuu, ni zaidi ya kilomita 200, na barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa "njoo kesho" anakasirika. Mtu wa Ikola, huko huko mwambao, akiambiwa "njoo kesho" anapoteza nauli, siku za shamba na hela ya kulala mjini, na mara nyingi kuna mtoto amemwacha kwa jirani. Neno ni lile lile, bei yake siyo.

"Njoo wiki ijayo, mama, bado haijachapwa." Nimeyasikia maneno haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la masjala, yakisemwa kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaonichoma. Hakuna anayemkatalia mama yule. Angekataliwa angekuwa na la kulalamikia. Anaahirishwa tu. Wiki ijayo hakimu yuko kikaoni na nakala haina sahihi. Inayofuata, jalada limeitwa wilayani kwa ukaguzi. Halafu mfumo uko chini, namba ya malipo haitoki. Mwisho anatokea kijana nje ya geti, mmoja wa wale vishoka wanaoishi kwa shida za watu, anamnong'oneza kwamba jalada lina hela ya kulitafutia. Sheria haiitambui ada ya namna hiyo. Ada halali inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na ina stakabadhi. Kinachopita mkono kwa mkono bila stakabadhi ni rushwa, hata kikiitwa ya soda, ya wino au ya karatasi.

Na wakati mama anazungushwa, saa ya sheria haisimami. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Katika mashauri ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetoa siku 45. Zikipita, ni lazima aombe kuongezewa muda, na mahakama zetu zimeshikilia kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa. Kila siku! Karani haelezi kila siku aliyochelewesha nakala. Anayetakiwa kujieleza ni yule aliyekuwa amekaa benchi akiisubiri.

Uchungu wenyewe uko mbele zaidi. Kanuni za rufaa zinazotoka Mahakama za Mwanzo, ambazo ni za mwaka 1964, hazimtaki mrufani aambatishe nakala ya hukumu. Zinamtaka aandike sababu za rufaa, moja baada ya nyingine, na kuweka sahihi. Kwa hiyo yuko mtu aliyekaa miezi akingoja nakala kwa imani kwamba bila hiyo rufaa haipokelewi, na alipofika kuomba muda akajibiwa kwamba hakuhitaji kungoja. Nani alimwambia hivyo siku hukumu iliposomwa? Na hata angeambiwa, angeziandikaje sababu za kupinga hukumu ambayo hajaisoma? Amesikia mara moja, amesimama, moyo unamwenda mbio, hakimu anasoma kurasa kadhaa kwa kasi. Halafu aende nyumbani akaandike kwamba katika hoja ya tatu hakimu alikosea. Huko ni kumfungulia mtu mlango wa rufaa na kumnyima taa ya kuuonea.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), imetaja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 107A imeiagiza Mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Nakala inayochelewa inavunja yote mawili kwa mpigo mmoja.

Tuje kwenye mirathi, maana huko ndiko watu wanakonyang'anywa nyumba na mashamba. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, na shauri hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa na makazi yake. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi, na mara nyingi ni kaka wa marehemu. Anajaza fomu ya kwanza, tangazo linabandikwa, anawekewa dhamana, kisha anapewa Fomu Namba 4, ile hati ya usimamizi. Kuanzia saa hiyo huyu bwana ana ufunguo wa kila kitu: akaunti, ng'ombe, kiwanja, mashine ya kusaga, mafao. Mjane na watoto wana nini mkononi? Hawana kitu. Hati imetolewa nakala moja, na imo mfukoni mwa shemeji.

Lakini kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971 hazikumwacha msimamizi afanye atakavyo. Ndani ya miezi minne anatakiwa arudi mahakamani na Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu Namba 6, hesabu ya alivyogawa. Fomu hizo zinaingia kwenye jalada. Humo ndimo ukweli ulimo: kama aliandika ng'ombe 60 au 15, kama kiwanja cha mjini kilitajwa au kilifichwa, kama jina la mtoto wa nje liliandikwa au lilirukwa. Mrithi anayeweza kulifungua jalada hilo anaweza kumshika mwizi kwa sahihi ya mwizi mwenyewe. Asiyeweza kulifungua anabaki kulia kwenye vikao vya ukoo, ambako mwenyekiti wa kikao ni huyo huyo shemeji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa kabatini.

Ndiyo maana sikubali jalada la mirathi linapopotea tuambiwe ni bahati mbaya. Yawezekana ni mvua, yawezekana ni mchwa, nami najua masjala za mahakama nyingi za pembezoni zilivyo: chumba kimoja, dirisha lisilofunga, mafaili yamerundikwa sakafuni yamefungwa kwa kamba. Lakini jalada likipotea kuna mtu anafaidika, na huwa si mjane. Mahakama ikiamua kulijenga upya jalada lililopotea, inawaomba wahusika walete nakala walizonazo. Nani anazo? Ni yule aliyekuwa na hela ya kuzitoa na nguvu ya kuzidai. Kwa hiyo jalada jipya linaanza maisha yake likiegemea upande wa mwenye nguvu.

Kuna na swali ambalo kwa mtu wa mjini litaonekana la ajabu: jalada lenyewe liko wapi? Mpanda ya miaka ya tisini ilikuwa wilaya ndani ya Rukwa. Leo eneo hilo hilo ni mkoa wenye wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika. Kata zimegawanywa, vijiji vimezaa vijiji. Mtu anayetafuta hukumu ya talaka ya mama yake ya mwaka 1994 anaanzia wapi? Mahakama iliyoko kijijini kwao? Ile ya tarafa ya zamani? Wilayani? Sumbawanga? Kila mlango unamwelekeza mlango mwingine, na hakuna hata tangazo moja ukutani linalosema majalada ya eneo fulani ya miaka fulani yamehamishiwa mahali fulani. Kubandika tangazo hilo kungegharimu karatasi moja na gundi.

Tena asipokuwa na namba ya shauri, yule mtafutaji anaambiwa hawezi kusaidiwa. Si kweli. Kila mahakama ina rejista, mashauri huandikwa kwa kufuatana na mwaka, majina ya wadaawa yamo. Ukimpa karani majina kamili, aina ya shauri na mwaka, hata kwa kukisia kati ya miaka miwili au mitatu, kupekua rejista ni kazi inayofanyika. Parokia nyingi zinafanya hivyo hivyo kila wiki. Mtu anakuja kutaka cheti cha ubatizo cha babu yake, katibu anavuta daftari, anapitisha kidole, anampata. Kama katibu wa parokia anaweza kumtafuta mtu kwa jina na mwaka, chombo cha dola kinashindwa na nini?

Niwataje pia watu wa Katumba na Mishamo. Wazazi na babu zao walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi huko Katavi, wakalima tumbaku na mahindi, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Mtu mwenye ukoo wa karne mbili mahali pamoja akikosa hati ya mirathi, bado wapo wazee wanaojua mpaka wa shamba la babu yake. Hawa karatasi ndiyo ukoo wao. Kumpotezea mtu wa Mishamo hukumu ya mirathi ya baba yake ni kumrudisha alikotoka baba yake, mahali ambapo huwezi kuthibitisha kwamba kitu ni chako.

Nimesikia utetezi kwamba mambo ya familia ni ya siri, na mahakama haiwezi kugawa majalada ovyo. Naafiki kwa moyo wote kwamba jirani hana haki ya kusoma alichosema mtoto wa mtu mahakamani. Lakini anayeomba ni mwenye shauri. Ni siri yake! Tena wanaoshika hoja hii watueleze jambo moja. Shauri la ndoa likifika Mahakama Kuu kwa rufaa, hukumu inawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, na huko inasomwa na yeyote mwenye simu, popote duniani. Majina ya mume na mke yamo, ugomvi wa chumbani umo, nani alimkuta nani na nani, yote yamo. Mimi nikiwa mezani kwangu naweza kusoma kilichovunja ndoa ya watu wa Katavi ambao sijawahi kuwaona, na mwanamke mwenyewe hawezi kupata nakala yake yenye muhuri ili akaisajili talaka. Siri gani hii, iliyo wazi kwa dunia nzima na imefungwa kwa mwenyewe?

Utetezi wa pili ni uchache wa watumishi na vifaa, na huu nauheshimu zaidi. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo vijijini anaandika mwenendo wa kesi kwa mkono, anahudumia mahakama zaidi ya moja, na karani wake ndiye mpokea wageni, mtunza masjala na mchapaji. Sitawatukana watu hao. Wengi wanafanya kazi katika mazingira ambayo mimi nisingeyamudu. Lakini uhaba una namna yake ya kugawanywa. Temeke ilipata kituo jumuishi cha mashauri ya familia mwaka 2021, mirathi na ndoa chini ya paa moja, na ni kazi nzuri ambayo imewaokoa watu wengi kuzunguka. Mwaka 2019 zilizinduliwa mahakama zinazotembea, magari yenye chumba cha mahakama ndani yake, zikaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kompyuta. Nayapongeza yote. Nauliza tu kwa nini gari la mahakama inayotembea linaanza safari zake mahali penye daladala, na kwa nini mfumo wa kompyuta unahesabiwa kuwa umewafikia watu wa mwambao wakati hukumu zao za zamani zote bado ni mwandiko wa mkono kwenye mafaili yaliyofungwa kwa kamba.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Hukumu ya familia isisomwe mpaka iwe imekamilika kuandikwa, na siku inaposomwa kila upande uondoke na nakala yake iliyothibitishwa, bila malipo. Katika mirathi, kila mrithi aliyetajwa apewe nakala ya Fomu Namba 4 siku inapotolewa, na ya Fomu Namba 5 na 6 siku zinapowasilishwa, bila kuomba. Hakimu amwambie aliyeshindwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba siku zake za rufaa zimeanza leo na kwamba haruhusiwi kuzipoteza akingoja karatasi. Nakala ya anayeishi mbali itumwe kwa ofisi ya kata yake ndani ya bahasha iliyofungwa, aichukue kwa kitambulisho. Na katika kila mahakama liwepo tangazo ukutani: majalada yetu ya zamani yako wapi, ada halali ni kiasi gani, na simu ya kulalamikia ni ipi. Hakuna hata moja hapo linalohitaji jengo la ghorofa. Waraka wa Jaji Mkuu unatosha kuanzia.

Mpaka waraka huo utakapotoka, msomaji wangu wa mbali, usiende masjala kwa mdomo mtupu. Maombi ya mdomo hayana shahidi. Andika barua, hata kwa mkono: jina lako kamili, jina la upande wa pili, aina ya shauri, namba yake kama unayo, mwaka, na unachotaka. Taja kama ni nakala ya hukumu tu, au hukumu pamoja na mwenendo wa shauri, au fomu za mirathi, kwa sababu ukiandika "nakala za kesi" utapewa chochote kilicho karibu. Andika barua mbili zinazofanana. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke dirishani kabla muhuri haujagongwa. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokusemea siku utakapoulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo. Kama ni rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo, peleka sababu zako za rufaa ndani ya muda hata kama nakala haijatoka. Lipa kwa namba ya malipo na utunze stakabadhi. Karani akikuzungusha, mwandikie hakimu mfawidhi wa wilaya na uambatishe barua yenye muhuri. Kama kuandika kunakushinda, mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hao, na huduma yao ni bure. Kishoka wa getini hajasajiliwa popote.

Ukishaipata nakala yako, usiikunje na kuiweka chini ya godoro. Piga picha kurasa zote, mpe mwanao mkubwa nakala moja, nyingine mwachie mtu unayemwamini nje ya kijiji. Talaka isajili. Fomu za mirathi zisome mstari kwa mstari mbele ya warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa mbali.

Wale wenye mamlaka nawaambia hivi. Mama aliyetoka Karema kwa lori la dagaa kuja Mpanda hakuja kuomba fadhila. Hukumu imetolewa na Mahakama ya Jamhuri na imemtaja yeye kwa jina. Mpeni nakala yake leo, kabla lori halijageuza.